Kwa Nini Tunatandika Mabamba Meusi Juu ya Paa Lako

Wateja wanaotuita kukagua kwa droni yenye kamera ya joto mapaa ya zege Kariakoo au magodauni ya Barabara ya Nyerere huuliza: mbona droni haijaruka bado, nyie mko bize na mabamba? Sababu ni zile rangi za picha ya joto. Programu huzipanga kwa kufuata sehemu yenye joto zaidi na yenye ubaridi zaidi ndani ya picha hiyohiyo, kwa hiyo hata paa zima lisilo na tatizo linaweza kutoka na madoa mekundu ya kutisha.

Namba za joto ambazo kamera inasoma nazo zina shida zake. Kihisio cha kamera ya joto ya droni hakina kipoozeo, kwa hiyo kinapopigwa na upepo huko juu usomaji husogea. Watengenezaji wengi wenyewe huandika kwamba kamera inaweza kukosea nyuzi 2 hadi 5 za Selsiasi. Ongeza na mvuke wa Dar, ambao hunyonya sehemu ya mionzi ya joto kabla haijafika kwenye lenzi. Bati jipya ndilo kichekesho kabisa: linaunguza mkono, lakini kwa kuwa linang'aa huakisi anga, na kwenye picha linaonekana la baridi.

Wakala wa Vipimo hawakagui mizani ya duka kwa macho. Wanaweka jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Sisi tunaweka bamba ambalo joto lake linajulikana.

Bamba letu ni alumini ya milimita 5, sentimita 60 kwa 60, lenye rangi nyeusi isiyong'aa. Rangi hiyo hutoa takribani asilimia 95 ya mionzi ambayo kitu cheusi kamili, yaani kile kinachotoa mionzi ya joto kwa kiwango cha juu kabisa, kingetoa. Alumini nyembamba ingekuwa nyepesi kubeba kwenye ngazi, ila joto halisambai vizuri: katikati panachemka, pembeni panapoa. Hii ya kwetu ina karibu kilo 5, na mgongo unazijua. Nyuma kuna waya wa kupashia na sponji ya kuzuia joto lisipotee, na ndani ya bamba kuna kipimajoto kinachoandika usomaji muda wote. Bamba likizidi hewa kwa nyuzi 20 kwenye upepo wa kawaida, hula kama wati 100, mzigo ambao betri ya lithiamu ya volti 12 inaumudu kwa muda wa kuruka.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kamera yetu ikiwa mita 60 juu, nukta moja ya picha hufunika kama sentimita 5 na nusu za paa. Bamba dogo lingepata nukta mbili tatu zilizochanganyika na zege la pembeni, na hizo hazifai kitu.

Tunatumia mabamba mawili, moja la kupashwa na moja linaloachwa na joto la hewa. La kupozwa tumeliacha, maana kwenye unyevu wa jiji hili lingetoka jasho kama chupa ya soda. Kwa usomaji wa mabamba hayo mawili tunanyoosha namba za picha nzima, na kwa kuwa yameonekana kupitia hewa ileile, athari ya mvuke kwa sehemu kubwa imeshaingia kwenye hesabu.

Je, kila kazi inahitaji mabamba? Hapana. Ukitaka tu kujua paneli ipi ya sola ina seli inayochemka kuliko jirani zake, tofauti ndani ya picha inatosha, na hatukuongezei gharama. Lakini ukitaka kulinganisha paa kabla na baada ya masika, au unabishana na fundi aliyeziba uvujaji, bila mabamba picha hizo mbili hazilinganishwi.

Kwa paa la zege tunakuja baada ya jua kuzama, kwa sababu sehemu iliyokunywa maji huchelewa kupoa. Siku hiyo mchana paa liwe limepigwa jua na halina madimbwi. Andaa ufunguo wa mlango wa juu, na mwambie mlinzi asiyakanyage mabamba. Moja huwa la moto.