Ligombo si la kupokelea wageni tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyoitumia ngoma ya asili hapa Iringa, yaani kwa dakika kumi, wakati wa kumpokea mgeni rasmi. Mwezi uliopita, kwenye hafla moja kijijini kwetu, mzee mpiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, alikalishwa juani tangu asubuhi. Alipoitwa hatimaye, kabla hajamaliza kukaza nyuzi, mshereheshaji alikwishamshukuru na kufungulia muziki wa spika.

Nikawakumbuka watu wa Cajun wa jimbo la Louisiana, Marekani, wazao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Acadia, katika Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia, na watoto waliosema Kifaransa shuleni wakawa wakiadhibiwa, jambo ambalo sisi tuliovishwa kibao shingoni kwa kusema Kihehe hatuhitaji kufafanuliwa. Muziki wao wa fidla, kodiani na pembetatu ya chuma, iliyofuliwa kutokana na meno ya reki ya shambani, ukaonekana ushamba hata na wenyewe. Mwaka 1964 mwanamuziki wao Dewey Balfa na wenzake walipoalikwa kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, mashariki mwa Marekani, mhariri mmoja wa gazeti la kwao aliubeza mwaliko huo (uniwie radhi, Ndugu Mhariri), lakini umati ukawashangilia, na Balfa akarudi nyumbani akiwa na nia ya kuwafanya watu wake nao waushangilie. Miaka kumi baadaye, mjini Lafayette, ukumbi ulifurika watu waliokuja kuwasikiliza wazee wao.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi si majukwaa. Katika mji wa Eunice, duka la fundi wa kodiani, Marc Savoy, kwa miaka mingi limewakusanya wapigaji Jumamosi asubuhi, mwanagenzi akiketi ubavuni mwa mzee na kuviangalia vidole vyake.

Ligombo nalo halijifunzwi kwa njia nyingine. Napendekeza shule zetu za msingi zimwite mzee kila Jumamosi, pasipo kipaza sauti wala mgeni rasmi, naye alipwe posho kama wanavyolipwa wawezeshaji wa semina. Mzee wetu wa siku ile analo ligombo la pili nyumbani, dogo, alilomchongea mwanafunzi ambaye hadi leo hajatokea.

Mwalimu mstaafu,
Kalenga, Iringa