Ukuta wa upande wa bahari umetoa tumbo, na ndugu hatuelewani

Assalaam alaykum Mhariri, na wasomaji wenzangu,

Sisi ndugu watano tumerithi nyumba ya ghorofa mbili Malindi, ndani ya Mji Mkongwe, Unguja. Ukuta wa upande wa bahari umetoa tumbo. Miaka ya nyuma ulipigwa lipu ya saruji, sasa inabanduka mapande makubwa kama sinia. Nyuma yake chokaa ya asili imegeuka unga. Ukiionja ni chumvi tupu.

Fundi wa kwanza alitaka kupiga saruji nyingine juu yake. Wa pili, mzee aliyezizoea nyumba hizi, alicheka. Jiwe la matumbawe linafyonza maji, anasema, na ukilifunga kwa saruji unyevu unabaki ndani, unaozesha vichwa vya boriti. Anataka tubandue saruji yote, tupige chokaa, tubadilishe boriti zilizooza. Naamini anajua kazi yake. Lakini bei yake ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake! Boriti ndefu za mikoko hazipatikani ovyo siku hizi, na chokaa haina haraka: kila tabaka lisubiri la chini yake likauke, na siku zote hizo fundi analipwa.

Kaka yetu mkubwa yeye anataka tubomoe upande wa nyuma, tusimamishe nguzo za zege na kuongeza ghorofa ya kupangisha wageni. Nimemkumbusha kuwa mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, na hata kubadilisha dirisha kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Ananijibu, "Mbona fulani kajenga?" Huyo fulani simjui. Ninayoijua ni Beit al-Ajaib, ile nyumba ya kihistoria ya hapa Mji Mkongwe, iliyoporomoka sehemu Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa.

Nauliza: tunaweza kuanza na ukuta huu na boriti zake tu, mengine yasubiri, au kuufungua ni kuitikisa nyumba nzima? Kuna aliyempa mpangaji nyumba ya urithi kwa miaka mingi, aitengeneze kisha gharama zikatwe kwenye kodi? Mkataba uandikweje ili naye asituletee saruji? Na kama ndugu mmoja hataki kutia saini maombi ya kibali, sisi wengine wanne tunaweza kuomba bila yeye?

Mrithi, Malindi