Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ambao tuliutumia kusoma vitabu vya makorongo ya jangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, hususan yale yaliyochimbwa na Mto Colorado. Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kwa mweka hazina, nami sina la kuongeza.

Tulianza, kama wengi wanavyoanza, na taarifa ya John Wesley Powell, mwanajeshi aliyepoteza mkono mmoja vitani, ambaye mwaka 1869 aliondoka na wenzake tisa kwa mashua nne na kutokea upande wa pili wa Grand Canyon akiwa na watano tu. Kisa hicho kinasisimua, lakini baadhi yenu mlilalamika, tena kwa haki, kwamba mnasomeshwa mawe na mashua kana kwamba kule hakioti kitu.

Lalamiko hilo ndilo lililotufikisha kwa Elzada Clover na Lois Jotter, wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Michigan, walioteremka mto huohuo mwaka 1938 na kuwa wanawake wa kwanza kulipita Grand Canyon lote kwa mashua wakafika salama. Magazeti yalihangaika na suala la wanawake kuthubutu safari hiyo, ilhali wenyewe walikuwa wakikusanya mimea na kuibana kati ya karatasi ikauke. Orodha yao ilichapishwa mwaka 1944. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyepinga isiingizwe kwenye ratiba, nikidhani hakuna asomaye orodha kwa raha, na nilikosea. Walipita Glen Canyon, korongo jingine la mto huohuo, robo karne kabla ya bwawa kuanza kujazwa mwaka 1963 na kuzamisha bustani nyingi za ukutani, yaani mahali ambapo maji yaliyopenya katika mawe ya mchanga hukutana na tabaka gumu, yakatokeza kwenye genge na kunywesha kangaga na maua katikati ya ukame. Jotter alirudi mtoni mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 80, pamoja na wanasayansi waliotaka kujua ni nini kilichobadilika.

Vitabu vya kuongoza wasafiri havikutufaa sana. Kimoja kiliahidi maua kila mwezi Machi, ilhali mbegu nyingi za mimea ya jangwani ya msimu mmoja huwa na kemikali inayozizuia kuota mpaka mvua ya kutosha iioshe, hivyo miaka kadhaa yaweza kupita bila ua. Kingine, cha picha, kilionyesha ua la datura limenywea na kueleza kuwa limeathiriwa na ukame. Mwanachama mmoja alitukumbusha kwamba datura hufunguka jioni, likamngoja nondo mwenye mrija mrefu, na jua la asubuhi likipanda hulegea. Mpiga picha alichelewa tu kuamka.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao kila kitabu cha safari kisomwe sambamba na kitabu cha kutambua mimea ya eneo lilelile. Aliyeazima nakala ya orodha ya mwaka 1944 anaombwa airudishe kabla ya kikao cha kwanza, kwa kuwa hatuna nyingine.

Mwenyekiti