Usimlaumu kijana, uliza plagi zimewekwa wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwenye duka la spea wa Gerezani aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba oda zake hulala godauni hadi jioni kwa kuwa "vijana wa siku hizi hawajitumi". Mimi ni mtunza ghala la spea za pikipiki hapa Vingunguti, mwaka wa 16 sasa, na maneno hayohayo niliyasema sana, mpaka siku nilipomfuata kijana mmoja nyuma na daftari mkononi.

Oda ilikuwa ya kawaida: plagi za kuwashia injini, cheni na sproketi zake, tyubu, betri mbili, katoni ya oili. Alitembea hatua 640 na kupanda ngazi mara mbili. Mlangoni kabisa yalikaa matangi ya mafuta na madigadi, vitu vya kutoka mara moja kwa wiki, kwa sababu siku kontena lilipofika nafasi ilikuwa hapo. Plagi za kila siku zilikuwa kona ya mwisho, gizani. Tajiri alihofia wizi. Kana kwamba mwizi hapendi giza!

Nikachukua invoisi za miezi mitatu nikapiga vijiti kwenye kaunta buku, kila kifaa kinapotajwa, kijiti kimoja. Nilihesabu safari, sikuhesabu fedha. Wengi hukosea hapo: betri inaingiza fedha nyingi, lakini inayomaliza miguu ya vijana ni plagi. Katika aina zaidi ya 1,100 tulizonazo, aina zisizofika 150 ndizo zilizojaza kurasa. Hizo tukazisogeza karibu na meza ya kupakia, na plagi zikatengenezewa kizimba cha wavu mbele ya macho yangu. Cheni ikahamia kwa sproketi, maana fundi huzinunua pamoja. Betri na oili zikashushwa usawa wa kiuno. Mgongo wa mtu hauna spea Gerezani.

Nami niliharibu. Vitu vyote vinavyotoka haraka nilivijaza kichochoro kimoja, asubuhi vijana wanne na matoroli yao wakawa wanasukumana kama abiria wa mwendokasi. Ilibidi nivigawe vichochoro viwili. Halafu breki za pikipiki mbili tofauti, maboksi yake yanafanana rangi hadi maandishi, nikazipanga bega kwa bega. Wateja waliturudishia mpaka tukaona aibu. Siku hizi kati yake kuna shelfu tatu.

Kilichonisumbua zaidi ni anwani. Mzee mmoja ndiye aliyejua kila kitu kilipo, na akienda Tanga kwa Idd, sisi wengine tunapapasa. Sasa kila tundu lina namba: B-07-2 ni kichochoro B, safu ya 7, ngazi ya 2 kutoka chini. Karatasi ya oda nayo inafuata njia hiyohiyo, kijana anaanza mwanzo wa ghala na kutokea mezani bila kurudi nyuma. Mzee alininunia wiki mbili.

Ukishapanga usidhani umemaliza. Kila Februari, kabla ya masika, makoti ya mvua ya bodaboda tunayaleta mbele. Juni yanarudi nyuma.

Oda ile niliyoifuata, nikiipima leo, ni hatua 210 na ngazi haiguswi. Kijana ni yuleyule, mshahara ni uleule (hilo ni barua nyingine). Daftari langu bado ninalo. Mwenye ghala anayetaka kuliona anakaribishwa, ila asije asubuhi, tunapakia.

Mtunza ghala,
Vingunguti, Dar es Salaam