Vichekesho vinamnyima haki asiyeamini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu vichekesho vya familia za Wamarekani Weusi, vile ambavyo hata sisi huku tumevifuata miaka mingi kwenye runinga na sasa kwenye simu. Mimi ni muumini. Kanisani nakwenda kila Jumapili na imani yangu haijatikisika. Lakini namna vipindi hivi vinavyomchora mtu asiyemwamini Mungu ndani ya familia ya wacha Mungu inaniudhi, na nadhani inatudhulumu sisi waumini pia.

Nianze na Good Times, iliyoonyeshwa na kituo cha runinga cha CBS cha Marekani kuanzia 1974 hadi 1979. Familia ya Evans inaishi Chicago kwenye maghorofa ya serikali ya watu wa kipato cha chini, na mama wa nyumba, Florida, ni mcha Mungu wa kweli. Mwaka 1976 mumewe James anafariki kwenye ajali ya gari, kwa kuwa mwigizaji wake, John Amos, alikuwa ameachishwa kazi. Mwaka uliofuata waandishi wakamletea Florida mchumba, Carl Dixon, aliyeigizwa na Moses Gunn. Carl hamwamini Mungu. Esther Rolle, aliyemwigiza Florida, akalikataa jambo hilo: mwanamke mwenye imani kama ile, alisema, hawezi kumpenda mtu wa namna hiyo.

Wapo wanaomlaumu Rolle kwa msimamo wake. Mimi simlaumu. Alikuwa amekwisha kuvutana na wakubwa wa kipindi juu ya J.J., kijana mkubwa wa nyumba ile, ambaye kila msimu alizidi kufanywa wa kuchekwa tu, na alimjua Florida kuliko waliokuwa wakimwandikia maneno. Kama Florida angempenda mtu asiyesali, basi ilikuwa lazima tuoneshwe mapenzi hayo yanavyompa taabu: anavyomwombea mtu asiyetaka kuombewa, anavyokaa peke yake kanisani, watoto wanavyomuuliza maswali. Hapo palikuwa na kicheko kingi na machozi mengi pia. Waandishi hawakutaka kazi hiyo. Wakampa Carl saratani ya mapafu, wakawapeleka wawili hao Arizona ambako kamera haifiki. Rolle aliporudi kwa msimu wa mwisho, Carl hakurudi naye. Mtu mzima, mume wa mtu, akafutwa bila hata kuagwa.

Miaka arobaini baadaye nilitarajia mabadiliko. CBS hiyohiyo ikaleta God Friended Me, 2018 hadi 2020, kipindi cha kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Kijana Miles Finer wa New York ana podikasti ya kutetea kutoamini kwake, na baba yake ni kasisi huko Harlem. Mwanzo mzuri sana! Ila tunaelezwa kwamba Miles aliacha kuamini baada ya mama yake kupona saratani, kisha akafa kwa ajali ya gari akitoka hospitali. Basi kutoamini kwake kukawa jeraha, na jeraha kazi yake ni kupona. Kuna watu waliofiwa wakaacha kuamini, sikatai. Wapo pia waliosoma, wakafikiri, wakauliza, wakafika huko bila msiba wowote, na hao kwenye runinga siwaoni.

Black-ish ya ABC nayo ilikuwa na sehemu iliyoitwa God mwaka 2016, ambapo binti mkubwa, Zoey, anamwambia baba yake kwamba hana hakika kama Mungu yupo. Baba huyo, Dre, anashikwa na hofu. Hofu hiyo ninaielewa, nami ningeshikwa nayo. Tatizo ni kwamba Dre ndiye msimulizi wa kipindi kile tangu mwanzo, kwa hiyo shaka ya binti tunaiona kupitia wasiwasi wa baba, kama homa ya mtoto inayosubiriwa ishuke. Na kipindi cha dakika ishirini na kitu hakina subira ya kuikalia shaka.

Sisemi kwamba wazazi hao waonyeshwe kuwa wajinga. Kwa Wamarekani Weusi kanisa lilikuwa shule, benki, ukumbi wa mikutano na mahali pekee ambapo mfanyakazi wa ndani aliitwa kwa heshima. Mgomo wa Weusi wa kutopanda mabasi huko Montgomery mwaka 1955 ulipangwa makanisani. Kanisa la Mtaa wa 16 huko Birmingham lililipuliwa mwaka 1963 na wasichana wanne wakafa. Charleston, mwaka 2015, watu tisa waliuawa kwenye kanisa lao wakati wa mafundisho ya Biblia. Mama aliyetoka katika historia hiyo akisikia mwanawe anasema haamini, anasikia pia kwamba mwanawe anawaacha waliokufa. Kichekesho kinachokwepa uzito huo kinamwonea mama sawasawa na mtoto.

Wala wasioamini waliotoka katika familia za wacha Mungu si wa kubuni. Asa Philip Randolph, aliyeunda chama cha wahudumu weusi wa treni mwaka 1925 na kuwa kiongozi wa Maandamano ya Washington ya kudai haki ya 1963, alikuwa mtoto wa mchungaji wa AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani Weusi. Mwaka 1973 alitia saini tamko la wanafalsafa wa utu wasiotegemea Mungu, na maisha yake yote alifanya kazi bega kwa bega na wachungaji. Mandisa Thomas alianzisha Black Nonbelievers, kikundi cha Weusi wasioamini, huko Atlanta mwaka 2011, kwa sababu watu kama yeye walikuwa wapweke. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotolewa mwaka 2021 unaonyesha kwamba takribani mmoja kati ya Wamarekani Weusi watano hajiungi na dini yoyote, ingawa wengi wa hao bado wanaamini kuna Mungu au nguvu fulani iliyo juu yao. Wanaojiita wakanamungu ni wachache mno. Kijana wa namna hiyo huenda hana hata mmoja wa kumwiga mtaani kwake, na runinga inamwonyesha mtu ambaye lazima ahame, augue au abadilike.

Gazeti lako huhakiki vipindi hivi vinapofika kwetu. Naomba wahakiki wako wawe wanatuambia pia kama asiyeamini bado yumo mezani na wenzake msimu unapoisha, na kama bado haamini.

Msomaji wenu,
Nakuru