Barua ya wazi kwa wanangu wa idara ya usingizi na wodi za upasuaji

Wanangu,

Mimi ni mstaafu wa kazi mnayoifanya, na nina neno juu ya wazee mnaowapokea mezani, na kuchanganyikiwa akili kunakowapata baadhi yao baada ya upasuaji.

Tulifundishwa kuchunga wastani wa shinikizo la damu, ulio kati ya namba ya juu na ya chini ya presha, usishuke chini ya 65. Ni mpaka mzuri, lakini haumjui mgonjwa wako. Ubongo hujirekebishia mtiririko wa damu presha inapopanda au kushuka. Kwa mtu aliyeishi na presha ya juu miaka mingi, uwezo huo huzoea viwango vya juu, hata namba inayomtosha kijana ikaweza kumpungukia yeye. Basi kabla ya kumlaza, tafuteni presha yake ya siku zote katika kadi ya kliniki, si ile ya asubuhi ya upasuaji, ambapo ana njaa na hofu.

Namkumbuka fundi cherehani mmoja aliyevunjika nyonga. Kliniki namba yake ya juu ya presha ilikuwa 160 na kitu. Mezani namba hiyo ilikaa kwenye 100 karibu saa nzima, nasi tukaona mambo shwari. Usiku wa pili nilimkuta amebana ncha ya shuka kwa vidole viwili, akitunga uzi kwenye sindano isiyokuwapo, huku akimwita marehemu mkewe. Ndugu walisema karogwa; sisi tukasema uzee. Siwezi kuapa kwamba ni presha ile, maana tulipompapasa tumbo kibofu kilikuwa kimejaa, na mkojo ulipotolewa alianza kutulia.

Kwa hiyo msiibebeshe presha lawama zote. Sehemu ya presha ya POISE-3, utafiti wa wagonjwa wa upasuaji, ilikuwa na wagonjwa 7,490, na ilipochunguza akili za baadhi yao haikuona kuchanganyikiwa kumepungua kwa waliokingwa dhidi ya presha kushuka. Tafuteni pia maumivu, maambukizi, choo kigumu, upungufu wa maji, na ile diazepamu aliyoandikiwa eti apate usingizi. Miwani yake irudi usoni mapema.

Anayenitia hofu zaidi ni aliyechanganyikiwa lakini mkimya, yule ambaye ripoti ya zamu humwandika “ametulia” kwa sababu hasumbui mtu. Mwambieni ataje siku za juma kinyumenyume. Ikiwa jana alizimaliza na leo anapotelea Alhamisi, mwiteni daktari usiku huohuo.

Wenu,
Mzee mstaafu wa idara ya usingizi