Msikimbilie Mkiani: Barua ya Wazi kwa Waendesha Baiskeli Wapya

Vijana wangu,

Nawaona kila mara kundi linapojipanga asubuhi. Kofia ngumu mpya, tairi zinang'aa, macho yanatafuta pa kujificha. Msafara ukianza tu, mnajisogeza nyuma, nyuma zaidi, mpaka mnakuwa wa mwisho kabisa. Mnafanya hivyo kwa adabu, najua. Ila adabu hiyo ndiyo itakayowamaliza pumzi.

Mkiani ndipo mahali pagumu kuliko pote. Kona ikifika, anayeongoza hupunguza mwendo kidogo tu. Wa pili hupunguza zaidi, wa tatu zaidi tena, na zamu ikimfikia wa kumi na tano anakuwa karibu asimame. Huku mbele, aliyeongoza ameshatoka kwenye kona na kurudia mwendo wake wakati ninyi bado mnapinda. Mkiinua macho, pengo limeshakuwa mita 20, na hakuna namna ila kukanyaga kwa nguvu zote kulifunga. Kundi huvutika na kujirudi kama mpira wa manati, na anayerushwa ni wa mwisho. Kona nyingi za namna hiyo zitawamaliza mapaja hata kama mwendo wa kundi, kwa wastani, mnauweza bila shida. Kaeni wa nne au wa tano, nyuma ya mtu mwenye mwili mpana asiye na papara. Ombeni nafasi hiyo waziwazi. Hakuna atakayewaona wajuaji.

Hapo mtabebwa na kivuli cha upepo. Kwenye tambarare, mwendo ukivuka kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za miguu inaishia kusukuma hewa, na mwendo ukizidi mara mbili ukinzani wa hewa huzidi mara nne. Anayekaa vizuri nyuma ya mwenzake huokoa kama robo hadi theluthi ya nguvu zake. Anayedhani natia chumvi amkumbuke Mmarekani Charles Murphy. Mwaka 1899 alijibanza nyuma ya behewa la treni, mbao zikiwa zimetandikwa katikati ya reli, akaimaliza maili moja kwa sekunde 57.8. Kwa baiskeli ya zama zile! Msijaribu.

Kivuli hicho kinataka ukaribu, na ukaribu una masharti. Kwa siku ya kwanza, mita moja kutoka gurudumu la mbele yenu inatosha. Wazoefu wataachiana sentimita 30 au 50, waacheni, wanajuana. Sharti ambalo sitaki kulisikia limevunjwa ni hili: gurudumu lenu la mbele lisilale sambamba na gurudumu la nyuma la aliyetangulia, hata kwa upana wa kiganja. Akiyumba kukwepa jiwe, magurudumu yakagusana, yeye huenda akaendelea na safari yake. Anayeanguka ni wa nyuma, kwa sababu yeye ndiye aliyeguswa kwenye gurudumu linaloshika njia, na walio nyuma yake wanamwangukia.

Na msiikodolee macho tairi ya mwenzenu. Tazameni mabega yake, kisha juu ya bega mwone wengine wawili watatu walio mbele zaidi. Wa kwanza akiacha kukanyaga, mtaiona miguu yake imetulia kabla mshtuko haujawafikia. Mara nyingi hapo breki haihitajiki kabisa. Acheni kukanyaga, inueni kifua kidogo, upepo utawapunguza taratibu. Breki yenyewe iguswe kwa vidole viwili, mapema, kidogo kidogo. Mkitaka kusimama juu ya pedeli kilimani, inukeni huku mguu unaendelea kusukuma. Mtu akiinuka na kuacha kukanyaga, baiskeli yake hurudi nyuma kiasi cha kumgonga anayemfuata. Hili hata wakongwe wanalikosea, na wakiambiwa wananuna.

Ishara ulizeni kabla ya kutoka, maana kila kundi lina zake. Shimo mkionyeshwa, mwonyesheni na wa nyuma. Kama barabara ni mbovu na mikono yote inahitajika kwenye usukani, pigeni kelele tu.

Kuhusu zamu ya kuongoza, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya kwanza hamdaiwi zamu; semeni mapema kwamba hamtakwenda mbele. Mwenye kiherehere cha kujaribu aangalie mwendo wa kundi kabla hajafika mbele. Kama ni 28, aongoze kwa 28. Wageni wengi wakiuona upepo mtupu mbele yao wanafyatuka kwa furaha na kulikata kundi vipande viwili. Dakika moja yatosha. Kisha atazame nyuma, atoke pembeni, alegeze miguu, wenzake wapite. Hapa kuna ufundi mdogo: aanze kukanyaga tena kabla wa mwisho hajampita. Akisubiri mpaka apitwe, hataligusa tena gurudumu lile.

Bebeni tyubu ya akiba, vishikizo vya kufungulia tairi na pampu, hata kama hamjui kuvitumia. Mwenzenu anayejua hatakuwa na tyubu ya saizi yenu. Mkipata pancha, pitisheni vidole polepole ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu mpya, kwani mwiba ulioitoboa ya kwanza huenda bado umo. Kuleni kabla njaa haijauma. Njaa ya baiskeli ikishashika, mtu hutetemeka mikono na kutafuna hakumsaidii kwa haraka.

Mkizidiwa, semeni mkiwa bado na pumzi ya kusema.

Nanyi wakongwe, najua mnaisoma barua hii kwa kuibia. Mwendo uliotangazwa kabla ya kutoka ndio mwendo, hata mtu wa kundi lingine akiwapita kwa mbwembwe. Kilima kikiisha, msiongeze gia mpaka wa mwisho afike kileleni. Na msimuulize mgeni kama yuko sawa, maana atajibu yuko sawa hata macho yakiwa yamemtoka. Mpeni swali linalotaka jibu refu. Akishindwa kumaliza sentensi, punguzeni mwendo.

Mzee wenu wa msafara